AMANA YA MWENYE KUWAANDIKIA WANAOANZA KUSOMA

Suala lililokusudiwa katika kurasa hizi ni hili: mtu ajuaye kuandika, akitaka kumtungia maneno mepesi mtu mzima ambaye ndiyo kwanza anazitambua herufi, ana rukhsa ya kupunguza kitu gani katika khabari, na kitu gani hana rukhsa ya kukigusa? Pengine msomaji ataliona suala hili kuwa ni dogo, la kuachiwa walimu wa skuli na makarani. Si dogo. Aliyesoma vitabu mia, kimoja kikimdanganya, vilivyobaki vitamwonya. Lakini aliyesoma karatasi moja tu tangu kuzaliwa kwake, na karatasi hiyo akaipata kwa jasho, silabi baada ya silabi, hana cha kuipimia. Atakachokikuta humo atakichukua kuwa ni kweli kwa sababu kimepigwa chapa. Basi aliyeiandika amemshika mkono kipofu penye njia panda. Na aliyemshika kipofu mkono haulizwi alikwenda upesi au polepole, huulizwa alimfikisha wapi.

Mambo haya yatazamwe kwa kuutazama mji wa Ujiji na ukingo wa Ziwa la Tanganyika, kwani watu wa pwani ya bahari wana undugu wa zamani na mji huo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora, mwisho wake ulikuwa Ujiji. Ndiyo iliyopeleka Kiswahili na vyuo vya Kurani ukingoni mwa ziwa, kabla ya Stanley kumkuta Livingstone huko mwaka 1871. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, Kigoma iliupita Ujiji kwa bandari na maofisi, walakini Ujiji haukuacha kuwa mji wa misikiti na wa lugha. Lakini isidhaniwe kwamba kila mtu wa huko Kiswahili amekinyonya kwa mama yake. Waha walio wengi katika nchi ile lugha yao ya nyumbani ni Kiha, nacho kiko karibu na Kirundi. Na wako waliotoka ng'ambo ya ziwa, Wamanyema na Wabembe, kila kabila na lugha yake. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya soko, ya chombo na ya msikiti kabla ya kuwa lugha ya jikoni. Basi mtu mzima wa huko akikaa darasani kujifunza herufi, mara nyingi hujifunza mambo mawili kwa pamoja, herufi na lugha. Na anayemwandikia asipolijua hilo, humtwisha mizigo miwili akadhani amemtwisha mmoja.

Khabari za kufundisha watu wazima katika Tanzania zajulikana, na yafaa zikumbukwe kwa ufupi. Kwa hesabu ya serikali, mwaka 1967 watu wazima kiasi cha 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 ulianza mradi wa Mwanza, uliosaidiwa na UNESCO, katika mikoa iliyozunguka Ziwa la Victoria. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa ni mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha nchi nzima ikaingia katika kampeni, na mwezi wa Agosti 1975 wanafunzi wakatahiniwa kwa ngazi nne. Waliofundisha wengi wao hawakuwa walimu wa kazi. Walikuwa watu wa kujitolea, vijana waliomaliza skuli za msingi na wengineo waliojua kusoma katika vijiji. Mwaka 1986 serikali ilisema kwamba wasiojua wamebaki 9.6 katika 100. Hili ni jambo kubwa, na asiyelisifu amedhulumu. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta wanaojua kusoma, katika watu wenye miaka 15 na kuendelea, ni kiasi cha 78 katika 100. Hesabu hizi hazikupimwa kwa pishi moja, kwa hiyo hazifai kupambanishwa kama mizani ya dhahabu. Hata hivyo, kila aliyepata kufundisha anajua kwamba herufi zisizotumika hufutika kama maandishi ya ubao uliooshwa. Mtu akipewa cheti cha kusoma kisha asiwe na cha kusoma, baada ya miaka michache cheti chenyewe hawezi kukisoma.

Hilo ndilo lililowafanya wenye kampeni ile wakusanye watu wakawafundisha kutunga vitabu vyepesi. Mwanza palifanywa makutano ya watungaji, vikatoka vitabu vya kuanzia vilivyofuata kazi za watu: kilimo cha pamba, cha migomba, uvuvi, mifugo, na mambo ya nyumbani. Mwaka 1974 likatoka huko gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Kusudi lilikuwa jema: mtu mzima hana haja ya kusoma khabari za sungura na fisi, asome kazi yake. Lakini ndani ya kusudi jema hilo mlikuwa na mlango wa khatari. Kitabu cha pamba chamfundisha mkulima kusoma, au chamfundisha kuotesha pamba? Ikiwa ni yote mawili, lipi ni mtumwa wa lipi? UNESCO wenyewe, walipoipima mwaka 1976 kazi ya majaribio waliyoifanya katika nchi 11, walikiri kwamba fikira iliegemea mno upande wa mavuno na kipato, na mtu mwenyewe akasahauliwa kidogo. Jambo hili ni la kumwuliza kila mtungaji kabla hajachovya kalamu: anayesoma atafaidi nini yeye mwenyewe, mbali na faida ya anayemlipia karatasi?

Na tuseme kuna mvuvi wa Ujiji, mtu wa miaka arubaini, mwenye wake na watoto. Usiku wa giza hutoka na wenziwe na taa zao kwenda kuvua dagaa. Asubuhi dagaa huanikwa, huuzwa, na mapato hugawanywa: kwanza mafuta na taa, kisha fungu la mwenye chombo na nyavu, kisha mabaharia. Mgawanyo huo umeandikwa katika daftari ambalo mvuvi huyo halisomi. Huenda mwenye daftari ni mwaminifu kama dhahabu. Suala si hilo. Suala ni kwamba mvuvi hana njia ya kujua. Sasa ajitokeze mwalimu wa kujitolea amtungie kitabu chepesi, kiwe chasema mvuvi bora huosha nyavu zake, mvuvi bora hufika mapema, mvuvi bora hana uvivu. Kila neno humo ni la kweli. Na mvuvi atakimaliza kitabu chote, naye hajaweza kusoma mstari mmoja wa daftari lile. Mtungaji hakusema uwongo, lakini amana ameiweka pasipo mahali pake. Angalimwandikia kurasa mbili tu, zenye maneno mafuta, taa, deni, fungu, jumla, na tarakimu zake, angalikuwa amempa ufunguo wa mlango anaopita mbele yake kila asubuhi.

Na ikiwa kitabu chenyewe kimetungwa Mwanza, kikasafirishwa mpaka Kigoma, msomaji atakutana na maji na samaki wa Ziwa la Victoria ilhali yeye ziwa lake ni jengine, lenye migebuka na kuhe. Huu si upuuzi. Anayeanza kusoma husoma nusu kwa jicho na nusu kwa kukisia. Neno analolijua hulikamata kabla hajalimaliza, na hapo ndipo anapoonja utamu wa kusoma kwa mara ya kwanza. Ukimwekea samaki asiyemjua umemnyima utamu huo, na mtu mzima asiyepata utamu harudi darasani siku ya tatu.

Sasa turejee kwenye kiini cha suala: ni kipi cha kupunguza. Watu wengi wakiambiwa waandike kwa wepesi hudhani kwamba wepesi ni kufupisha, na kufupisha ni kukata popote. Mwezi wa Mei mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha ukingoni mwa ziwa karibu na mpaka, mpaka meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma. Na kipindupindu kikawaingia. Katika maradhi hayo, na katika kila kuhara, mwili hukauka, na yajulikana kwamba nyumbani huweza kutengenezwa maji ya kunywa ya kumrudishia mgonjwa nguvu wakati anapopelekwa kwa tabibu: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa vile vile. Mtungaji mmoja, akitaka wepesi, ataandika: tia sukari na chumvi katika maji, mpe mtoto. Maneno manane, hakuna tarakimu, silabi zote ni za mwanafunzi wa mwezi wa pili. Na mama atakayeisoma karatasi hiyo, akatia chumvi kwa kiganja kama atiavyo katika mchuzi, huweza kumdhuru mtoto kwa mkono wake mwenyewe, hali ametii alichokisoma. Kilichokatwa hapo hakikuwa pambo. Kilikuwa ni sharti.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi walilijua jambo hili zamani, na kila aliyepita chuoni pwani amelila matunda yake bila ya kulitia maanani. Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramut, aliyekufa Batavia mwaka 1271 wa Hijra, yaani 1855, aliandika Safina, kitabu ambacho mtoto hukimaliza kwa muda mchache. Ameacha humo khitilafu za wanavyuoni, ameacha dalili, ameacha mifano. Lakini nguzo na sharti amezihesabu moja moja, sita zikiwa sita, wala hakusema takriban. Na kabla yake Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), alikichukua kitabu cha Muharrar cha Imamu Rafii, kilichokuwa kizito kwa watu wa zama zake kukihifadhi, akakifupisha katika Minhaj kwa kiasi cha nusu ya ukubwa wake. Na ajabu ni kwamba katika kukifupisha alikiongeza: miongoni mwa mambo aliyoyataja katika dibaji yake ni kutanabahisha juu ya vifungo vya masuala vilivyokuwa vimeachwa katika asili. Maneno akayapunguza, masharti akayazidisha. Fundi wa kufupisha, fakihi mkubwa wa zama zake, hakuona aibu kufanya kazi ya kumrahisishia mwanafunzi. Basi kijana wa skuli mwenye cheti kimoja aone aibu ya nini?

Kwa hiyo kanuni ipo, na haikutoka mbali. Huachwa khitilafu, huachwa pambo, huachwa historia ya jambo, huachwa neno gumu penye neno jepesi lenye maana ile ile. Haiachwi kadiri, haiachwi sharti, haiachwi isipokuwa; kwani neno isipokuwa limeokoa watu wengi kuliko neno bora.

Liko na jengine ambalo watungaji wengi hulikata nalo si lao kulikata, nalo ni sababu. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa la Tanganyika ulisimamishwa, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Ichukuliwe kwamba mwalimu wa kujitolea ametakiwa kuiandika khabari kama hiyo kwa wanaoanza kusoma. Kwa lugha ya maofisini ingekuwa hivi: wavuvi wote wanaarifiwa kwamba shughuli za uvuvi zimesitishwa kwa kipindi cha miezi mitatu kwa madhumuni ya kuruhusu mazalia ya samaki. Sentensi hiyo ni mlima kwa mtu wa silabi. Mwalimu ataivunja, na mara nyingi kitakachobaki ni hiki: Ziwa limefungwa. Usivue. Ni nyepesi kweli, mtoto ataisoma. Lakini tazama kilichopotea. Karani alimweleza mvuvi kwa nini, ingawa kwa lugha nzito. Mwalimu, kwa kumhurumia, amembakishia amri peke yake. Msomi apewe sababu, na asiyejua apewe amri: hiyo si rehema. Mtu anayefungiwa riziki yake siku tisini, watoto wake wakitazama sufuria, ana haki ya kujua kwa nini kuliko mtu yeyote. Na sababu yenyewe haikuwa nzito: Samaki wanazaa. Tuwaache wakue. Ziwa litafunguliwa tarehe 15 Agosti. Maneno manane na tarakimu moja, na mvuvi amekuwa mtu anayeelezwa, si ng'ombe anayesukumwa.

Kadhalika katika mambo ya afya. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu kiasi cha milioni 2 waliifuata katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu pamoja, kisha wakizungumza. Walichimba vyoo vingi mno. Haikuwa kwa sababu waliamrishwa tu, kwani amri za kuchimba vyoo watu walikuwa wakizisikia tangu zama za Wadachi. Ni kwa sababu walikaa wakaulizana.

Hapa ndipo linapokuja suala la heshima ya mtu mzima. Asiyejua kusoma si mtoto. Amezika, ameoa, amesuluhisha ugomvi, amevuka ziwa katika tufani. Akili yake imekomaa, mkono wake ndio haujazoea kalamu. Anayemwandikia kama anavyomwandikia mtoto wa miaka saba humvunjia uso wake mbele ya wenziwe. Na wanaume khasa ni wepesi wa kuona haya katika hili. Madarasa ya watu wazima katika Tanzania yalijaa wanawake zaidi kuliko wanaume, na baadhi ya watu wakasema wanaume hawapendi elimu. Ni neno dhaifu. Mwanaume anayeheshimiwa barazani hataki kuonekana akisema ba be bi bo bu mbele ya mke wa jirani, na kitabu chenye picha ya mpira na paka humzidishia haya hiyo. Kitabu chaweza kuwa na silabi za mtoto na fikira za mzee. Baba ana deni. Deni si aibu. Aibu ni kukana deni. Hakuna silabi humo ya kumtisha mwanafunzi wa miezi mitatu, na hakuna mzee wa baraza atakayeyacheka maneno hayo.

Tena, katika Ujiji na katika pwani nzima, wako wazee walioandikwa kuwa hawajui kusoma nao wanasoma. Wamehitimu Kurani, wanasoma maulidi, na baadhi yao huandika barua kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, kama walivyoandika babu zao kabla skuli za serikali hazijashika herufi za Kilatini. Mzee wa namna hii ukimwambia ni mjinga wa kusoma umemwongopea na umemtukana kwa pamoja. Yeye anajua kwamba herufi ni sauti, kwamba sauti huunganishwa, kwamba mstari una mwanzo na mwisho. Lililobaki kwake ni kubadilisha mkono wa kuanzia na kujua irabu zimewekwa wapi. Mwalimu mwenye busara humwandikia neno moja kwa herufi zote mbili, hizi juu ya hizi, na kwa majuma machache mzee amevuka daraja ambalo mwengine hulivuka kwa mwaka.

Watasema wenye kupenda fasaha kwamba kuandika hivi ni kuishusha lugha, na kwamba Kiswahili cha watenzi hakikukuzwa na sentensi za maneno matatu. Mwenye kusema haya ana mapenzi mema na lugha, walakini amesahau kwamba neno lenyewe la balagha, ambalo ndilo elimu ya ufasaha, asili yake ni kufika. Maneno yasiyofika hayana balagha hata yakiwa na vina. Na ajaribu mwenyewe kutunga ukurasa mmoja wa kweli, wenye sharti zake na sababu zake, kwa maneno ambayo mtu wa miezi mitatu atayasoma. Ataona kwamba mashairi ni kazi nyepesi.

Kwani Kiswahili kina ugumu wake katika jambo hili, na anayefundishwa kutunga hapana budi aonyeshwe. Wageni hufundishwa kuhesabu maneno, wakaambiwa sentensi fupi ni ya maneno machache. Kwa Kiswahili hesabu hiyo haifai, kwa sababu neno moja hubeba sentensi nzima mgongoni: atakapowarudishia ni neno moja, lakini ni silabi tisa, na ndani yake mna mtendaji, wakati, watendewa na tendo. Anayeanza kusoma akifika silabi ya sita amekwisha sahau ya kwanza. Bora kuandika: Siku hiyo atawapa tena. Maneno ni mengi zaidi, mzigo ni mwepesi zaidi. Kadhalika silabi kama mbwa, ngwe na shwa zingoje; na ng'ombe asikutanishwe na ngoma katika ukurasa mmoja mpaka mwanafunzi ajue ile alama ndogo ya juu ni ya nini. Haya ni mambo ya ufundi, yanafundishika kwa siku mbili tatu. Yasiyofundishika upesi ni yale yaliyotangulia.

Iko na mas'ala ya lugha ya watu wa ng'ambo. Tangu mwaka 1996 wakimbizi wa Kongo wamekaa Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, na wengi wao wanasema Kiswahili, lakini cha kwao. Maji wao husema mayi. Anayewaandikia aandike nini? Wako wanaosema aandike kama wasemavyo, wasione ugeni. Wako wanaosema awasahihishe. Linaloelekea kuwa sawa ni kwamba aandike maji, kwa kuwa ndivyo neno hilo litakavyowakuta katika kila kitabu na kila tangazo baada ya hapo, lakini wakisoma kwa sauti wakasema mayi asiwakatize. Jicho limekwisha fika, ulimi utafuata kwa wakati wake. Kumcheka mtu kwa lahaja yake penye darasa la kusoma ni kumfunza kunyamaza.

Imepokewa katika sira kwamba mateka wa Badri, katika mwaka wa 2 wa Hijra, wale wasiokuwa na mali ya kujikomboa lakini wakijua kuandika, waliachiwa kwa sharti ya kuwafundisha watoto wa Madina. Wale walifundisha ili wapate uhuru wao. Mwalimu wa kujitolea hafungwi na mtu, na kwa hivyo ni wepesi kwake kudhani kwamba lolote atakalolitoa ni ihsani, na ihsani haikaguliwi. Alijitolea saa zake, basi asiulizwe karatasi yake ilisema nini! Hii ni fikira ya kuondolewa siku ya kwanza ya mafunzo. Anayemchotea mwenye kiu maji bure hana rukhsa ya kumchotea machafu kwa sababu hakulipwa.

Na njia ya kumkagua ipo, wala haitaki mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Mtungaji aichukue karatasi yake aende nayo mwaloni au barazani, ampe mtu mmoja aliye katika kiwango kile alichokikusudia, kisha akae kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu, kwani mtungaji hutamani kusaidia, na akisaidia ameharibu mizani. Msomaji akikwama, mtungaji atie alama pale pale katika karatasi yake. Akirudia neno mara mbili, atie alama. Akimaliza, asiulizwe kama ameipenda, maana kwa adabu ya watu wetu atasema ameipenda. Aulizwe aeleze kwa maneno yake imesema nini, na yeye angefanya nini. Ikiwa ni karatasi ya sukari na chumvi, aletewe kijiko na chupa atengeneze mbele ya macho. Akikosea kipimo, aliyekosea ni mwenye kuandika, akaandike tena. Watu watatu wa namna hiyo watamfundisha mtungaji zaidi ya juma zima la darasa la utungaji, na alama zikiwa nyingi mno, karatasi hiyo ichanwe bila ya huzuni.

Kwa wavuvi wa dagaa hakuna wakati mwema wa kazi hii kuliko siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, vyombo hulala mchangani, na mvuvi huwa na usiku wake. Ndipo mwalimu ashuke Ujiji ufukweni na karatasi zake. Giza likirudi darasa litapungua watu, na zile zisizojaribiwa zitangoja mwezi mwengine.